Picha au Mbio

Mtu aliyebuni hizi mashine mpya za gemu angenipa dakika tano za wakati wake, ningemuuliza swali moja tu: kwa nini unaniuliza mimi? Nimeletewa mashine yenye nguvu kuliko kompyuta zote za ofisini kwetu zikiwekwa pamoja. Nimeiunganisha na televisheni, nimelipia intaneti, nimengoja asubuhi nzima ipakue mafaili yake, na siku ninapoketi kucheza mpira, kabla mchezaji hajagusa nyasi, inanisimamisha na kuniuliza nachagua nini. Yaani imeshindwa kunipa vyote viwili, halafu inaligeuza kosa lake liwe uamuzi wangu.

Menyu yetu iko kwa Kifaransa, kama karibu kila kitu chenye vitufe hapa Bujumbura. Maneno ni mawili: Qualité na Performance. Nyumbani tuliyaita picha na mbio. Ukichagua picha, unapewa kila unyasi na kivuli chake, jasho kwenye shingo ya kipa, mashabiki wenye sura na fulana tofauti, na matone ya mvua yanayong'aa chini ya taa. Lakini mashine inachora picha thelathini tu kwa sekunde, na kidole chako kikibonyeza, mchezaji anafikiri kwanza. Ukichagua mbio, inachora sitini, mchezaji anatii papo hapo, ila nyasi zinageuka zulia na mashabiki wanageuka maharagwe yaliyomwagwa kwenye ngazi.

Ukicheza peke yako, chagua picha, tazama jasho la kipa mpaka uchoke. Ukicheza mtandaoni, dhidi ya watu usiowajua ambao wote wamechagua mbio, kuweka picha ni kujitakia aibu. Nalisema hili kwa hasira kwa sababu nimelisema mara nyingi kwa upole na halikusaidia.

Mimi ni wakala wa forodha bandarini. Hati ikichelewa nusu saa, mzigo unalala, boti ya Kigoma inaondoka bila sisi, na mteja ananipigia simu kunieleza mimi ni mtu wa namna gani. Kwa hiyo kuchelewa nakuchukia kwa mwili wangu wote. Na Mungu, kwa hekima yake, alinipa kaka.

Kaka yangu amenizidi miaka minne. Miaka kumi iliyopita alikwenda Maskati kwa ndugu wa upande wa babu yetu, akasema ni kwa mwaka mmoja, na huko akawa fundi wa viyoyozi. Mwaka jana alirudi kwa mara ya kwanza, wiki tatu tu. Alikuja na masanduku manne, na katika mawili kati ya hayo mlikuwa na mashine mbili za gemu zinazofanana kama mayai, nyeupe, mpya kabisa.

"Moja ya kwako, moja narudi nayo," alisema. "Kila Jumamosi, we na mi, upande mumoja. Tutapiga dunia yote."

Mama yetu aliziangalia, akapima moja kwa kiganja chake, urefu na upana, na nikajua kinachofuata. Mama anafuma. Katika nyumba yetu hakuna kitu kilicho uchi. Friji ina kitambaa, redio ina kitambaa, makochi yana vitambaa migongoni na mikononi, mtungi wa maji una kitambaa chenye shanga pembeni kisipeperuke. Mke wangu, ambaye amezaliwa Musaga katika nyumba ya watu wenye akili ya kawaida, aliwahi kuniuliza kama siku moja ataamka akajikuta naye amefumiwa chake.

Lakini vitambaa vya Mama si vya kuzuia vumbi peke yake. Baba alipokuwa hai alikuwa akivuka ziwa mara kwa mara kwenda Kigoma kununua bidhaa za dukani. Kila asubuhi aliyoondoka, Mama alitandika kitambaa kwenye kiti chake, kitambaa kizima kilichofunika mgongo hadi kikalio, na kuanzia hapo hakuna aliyeruhusiwa kukikalia wala kukifunua. Wageni walisimama. Mimi nilichapwa kwa ajili ya kiti kile. Baba aliporudi, kabla hata ya kunywa maji, alikwenda mwenyewe, akakitoa kwa mkono wake, akakikunja mara nne na kumpa Mama. Hapo ndipo safari ilipohesabika imekwisha. Sijaona nyumba nyingine yenye desturi hii, na nilipokuwa mdogo iliniaibisha mbele ya marafiki zangu.

Kwa zile wiki tatu Mama alifuma vitambaa viwili, vyeupe na ukingo wa buluu, vimeshonewa bitana ya satini kwa ndani. Kimoja kilivikwa mashine yangu. Kingine alimpa kaka siku ya kuondoka, sebuleni, masanduku yakiwa tayari mlangoni.

"Hii ni ya kwako," alimwambia. "Ukifika uiweke juu ya mashini yako. Usiitoe mpaka urudi. Utaitoa we mwenyewe, hapa, mbele yangu."

Kaka alisema sawa, Mama. Alikibusu, akakiweka kwenye begi la mkononi, si kwenye sanduku. Mimi nilikuwa natazama saa, maana tulikuwa tunachelewa uwanja wa ndege.

Basi Jumamosi zikaanza. Jumamosi asubuhi mji mzima una kazi za jamii, magari hayatembei, kila mtu yuko mtaani na jembe au fagio. Zikimalizika narudi, naoga, na kwenye saa tano naondoa kitambaa changu, nakikunja, nawasha. Maskati ni saa saba ya mchana, kaka ametoka kula. Sauti yake inatoka kwenye televisheni kana kwamba yumo ndani ya kabati. Mama anavuta kiti chake nyuma yangu na uzi wake mapajani.

Mama haangalii mpira. Hajui nani ni nani. Anakuja kwa ajili ya sauti. Kaka kwenye simu ni mtu wa dakika mbili: salama Mama, nyote hamjambo, haya Mama, tutaongea. Unaweza kumpigia kila siku ukapata zile zile dakika mbili. Lakini mpe maneti ya kuchezea gemu mkononi, vidole vyake vipate kazi, macho yake yawe mahali pengine, na mdomo unafunguka wenyewe. Huku anakimbia na mpira pembeni mwa uwanja anamsimulia Mama kuhusu mzee wa Kihindi anayeishi chini yake, bei ya samaki, jino lililomsumbua, ndoto aliyoota kuhusu Baba. Mama anauliza, yeye anajibu, mimi naomba pasi. Ile saa moja na nusu ndiyo iliyokuwa mtoto wake. Sikuligundua haraka, lakini niliposikia kaka anamwambia habari za jino ambazo mimi sikuwahi kuambiwa, niliona wivu kidogo, nikaelewa.

Sharti lilikuwa moja: tusifungwe. Tukifungwa kaka ananyamaza. Anakuwa mzito, anajibu ndiyo na apana, na Mama anabaki na uzi wake. Aliwahi kusema mwenyewe, bila kuinua macho: "Mukipigwa, munanyamaza kama mulifiwa. Basi mushinde."

Sasa hapa ndipo wazimu wangu ulipoanza. Kipindi cha kwanza tulikuwa hodari. Tulicheza watu wawili upande mmoja, mimi katikati, kaka mbele, na nikimpa mpira alikuwa anaupokea kama kwenye uwanja wa shule. Kipindi cha pili kikianza, dakika chache tu, anageuka gunia. Natoa pasi, inampita mguuni. Namwambia piga, anapiga mpira ukiwa umeshachukuliwa. Kila Jumamosi. Tunaongoza mbili, tunamaliza tumefungwa tatu. Na kila Jumamosi, lile la tatu likiingia, hadithi ya mzee wa Kihindi inakatika katikati.

Nilianza kujilaumu mwenyewe, maana mimi ni muungwana. Nilifikiri ni televisheni yetu, ambayo ni ya zamani. Nikaingia kwenye mipangilio yake nikazima kila kitu cha kupamba picha, mpaka uso wa msoma habari ukawa wa kijivu na Mama akauliza kama yule mutu ni mugonjwa. Nikafikiri ni intaneti ya hewani, nikanunua waya mrefu, nikaupitisha juu ya mlango, chini ya zulia, nyuma ya kabati la vyombo. Mke wangu aliukanyaga mara mbili na mara ya pili hakuomba radhi. Nikafikiri ni umeme wetu unaopanda na kushuka, nikaazima kidhibiti umeme cha jirani, kikubwa kama jiko. Nikatazama video ya kijana mmoja anayezungumza Kifaransa kwa kasi, ambaye kwa dakika arobaini alilinganisha kivuli cha nguzo ya goli kwenye picha na kivuli hicho hicho kwenye mbio, na mwishoni akasema inategemea na wewe. Nilitaka kumtafuta nyumbani kwao.

Nikiwa nimemaliza makosa yote ya upande wangu, ikabaki Maskati.

"Kaka, umeweka nini? Picha ao mbio?"

"Mbio."

"Uko sûr, kweli kweli?"

"Mi si mutoto. Nimeweka mbio."

Sikumwamini, na nilikuwa na sababu. Kaka ni mtu wa kupenda vizuri. Tangu utotoni alikuwa anapiga pasi shati la kwendea kucheza. Ana televisheni kubwa kama mlango, aliyoinunua kwa kujinyima, na mara ya kwanza tulipocheza alikaa kimya akizungusha kamera uwanjani, akasema, "Mudogo wangu, angalia majani. Angalia maji kwenye majani." Mtu wa namna hiyo unamwambia aachie jasho la kipa kwa ajili ya sekunde ambayo haioni? Nikajiambia: anaanza na mbio kunifurahisha, mapumziko anarudisha picha, kisha anatufungisha.

Na kulikuwa na mlio. Kipindi cha pili, nyuma ya sauti yake, nilikuwa nasikia kitu kinavuma, kwanza polepole, kisha kwa nguvu, mpaka inanibidi niseme kwa sauti.

"Nini iko inalia hapo kwako?"

"Klimatizeri," alijibu. "Huku ni moto."

Fundi wa viyoyozi akiniambia kiyoyozi kinalia, mimi ni nani wa kubisha.

Siku tuliyogombana tulikuwa tunaongoza tatu kwa bila. Tatu. Mama alikuwa amecheka mara mbili, kaka alikuwa anamweleza jinsi mteja mmoja alivyomwita kurekebisha kiyoyozi kumbe hakikuchomekwa. Kipindi cha pili kikaingia, mlio ukaanza, na mguu wa kaka ukafa. La kwanza, la pili, la tatu, la nne. Kabla ya lile la nne nilimpa mpira akiwa peke yake na goli, hakuna mtu, hata mimi ningekwenda kwa miguu yangu ningefunga, na yeye akasimama akiutazama unavyopita.

"We unadanganya, Kaka," nilisema. "Umerudisha picha. Kila siku unatudanganya."

Nilisema mbele ya Mama. Kwetu huwezi kumwita mkubwa wako mwongo hata mkiwa wawili chooni, seuze mama yenu akiwa amekaa nyuma yako. Nilisikia sindano yake imesimama. Upande wa pili nilisikia ule mlio tu.

"Sawa," kaka alisema, taratibu. "Basi tutacheza siku ingine." Jina lake likatoweka kwenye skrini.

Jumamosi iliyofuata hakuja. Nilitoka kwenye kazi za jamii, nikaoga, nikawasha, nikangoja mpaka adhuhuri. Mama alivuta kiti chake, akakaa, uzi mapajani. Hakuuliza kitu. Jumamosi ya pili aliuliza: "Leo hakuna mupira?" Nikasema kaka ana kazi. Jumamosi ya tatu nilitaka kutowasha kabisa, lakini niliporudi nilimkuta kiti ameshakivuta mwenyewe, amekaa mbele ya televisheni iliyozimwa, anafuma. Nilikasirika, sijui nilimkasirikia nani. Nilikwenda kusimama uani.

Simu hazikukatika, maana kaka ana adabu. Kila siku ya pili alipiga, akampa Mama dakika zake mbili. Mama alimwuliza kuhusu mzee wa Kihindi na kaka akasema mzima. Neno moja, basi. Nilikuwa nimemnyang'anya mama yangu mtoto wake kwa sababu ya picha thelathini au sitini kwa sekunde, na bado, nasema kweli, moyoni nilikuwa nataka kuthibitisha kwamba nilikuwa sahihi.

"Omba radhi," mke wangu alisema.

"Nitaomba akikubali alirudisha picha."

"Hiyo si kuomba radhi. Hiyo ni forodha."

Jumamosi ya nne nikampigia simu ya video. Nilikuwa nimepanga maneno vizuri: kwamba nasikitika, kwamba tuangalie pamoja mipangilio yake, polepole, kama ndugu. Yaani radhi upande mmoja na ukaguzi upande wa pili. Mama nilimketisha karibu yangu ili kaka asipate nafasi ya kukata.

Alipokea. Alikuwa amevaa kanzu nyeupe, amekonda kidogo. Alimsalimia Mama, kisha mimi. Nikasema maneno yangu. Hakubisha. Alisema tu, "Sawa, njoo uangalie," akageuza simu, akawasha ile televisheni yake kubwa kama mlango, akaingia kwenye menyu mbele ya macho yangu, hatua kwa hatua. Nikasoma mwenyewe: Performance. Nikamwambia aanzishe mechi ya majaribio, acheze hadi kipindi cha pili, na simu ikitazama. Akafanya vile nilivyosema. Aliegemeza simu kwenye kikombe. Mapumziko hakugusa kitu. Na kipindi cha pili, nikitazama, picha ikaanza kukokota miguu, na mlio ukapanda.

Alikuwa amesema kweli miezi yote ile.

"Kaka, nisamehe," nilisema, na mara hii sikuwa nimepanga.

"Hakuna kitu," alisema, akanyoosha mkono kuchukua simu, na katika kuichukua ikayumba na kuonyesha kabati chini ya televisheni.

"Ile ni kitambaa yangu," Mama alisema.

Nilimwambia kaka arudishe simu. Akairudisha. Pale kwenye kabati, imesimama wima, mashine ilikuwa imevaa kitambaa cheupe chenye ukingo wa buluu, bitana ya satini kwa ndani, kimeshuka pande zote nne hadi chini, hakuna tundu hata la mdudu kuvuta pumzi. Na mashine ilikuwa inawaka. Ilikuwa inavuma humo ndani.

"Kaka. We unachezaka na kitambaa juu?"

"Ndiyo."

"Mashini ikiwa inawaka?"

"Ndiyo."

"Iko inaungua! Ikipata moto inapunguza mbio yake yenyewe, isikufe! Ndiyo maana kipindi ya pili! We ni fundi wa klimatizeri! Watu wanakulipa uwaambie wasifunike!"

"Najua," kaka alisema.

"Unajua?"

"Najua toka wiki ya kwanza. Mi nasikia moto yake kwa mukono."

Nilifikiria waya chini ya zulia, msoma habari wa kijivu, kidhibiti umeme cha jirani, kijana wa dakika arobaini. Nilitaka kupiga kelele mpaka Maskati wanisikie bila simu.

"Basi kwa nini hukuitoa?"

Kaka hakunijibu mimi. Alimtazama Mama. "Mama alisema nisiitoe mpaka nirudi," alisema. "Nikiitoa huku, itakuwa nini?"

Mama alikuwa ameinamisha kichwa karibu na simu, kama anayesoma dawa. Nilijua anatazama kitambaa. Nilijua pia, maana nilikulia nyumba ile, kile alichokuwa anapima: kitambaa kikitolewa kule, safari inahesabika imeishia kule. Sikutaka apime. Nilitaka kusema mtandao umekatika. Kwa miaka kumi alikuwa hajawahi kusema kwa mdomo wake kwamba kaka labda harudi.

"Ukiwa na kitambaa, munapigwa," alisema.

"Ndiyo, Mama."

"Mukipigwa hausemi."

Kaka akagusa ukingo wa kitambaa.

"Basi itoe," Mama alisema. "Mi nimesema. Itoe hapo hapo."

"Mama, apana."

"Itoe, mutoto wangu. Mi nataka kukusikia."

Alikitoa. Tulimwona anakitoa kwa mkono mmoja, mkono wa pili umeshika simu, kisha akaiweka simu chini na hatukuona kitu ila dari. Alipoiinua tena, kitambaa kilikuwa kimekunjwa mara nne mapajani mwake, na hapakuwa na mtu wa kumpa. Mashine ilisimama nyeupe na tupu. Mlio ulikuwa umeanza kushuka.

Tulicheza siku ile ile. Kwa nini, sijui. Labda kwa sababu ndilo tulilokuwa tunajua kufanya. Ilikwenda kama mafuta. Kipindi cha pili kaka alikuwa mwepesi kuliko cha kwanza, pasi zangu zote alizipokea, tulishinda tano kwa moja. Mama alimwuliza amekula nini. Akasema wali. Akamwuliza mzee wa Kihindi. Akasema mzima. Mama aliondoka kwenye kiti kabla ya filimbi, akaenda jikoni, na nilimsikia anaosha sufuria ambayo nilijua ni safi. Miezi mitano nilitafuta ushindi ule, na sikuweza hata kuutazama ubao wa matokeo.

Wiki nzima nilikuwa mbaya kwa kila mtu bandarini. Jumamosi nilifanya kazi za jamii kwa nguvu, nikachimba mtaro ambao hakuna aliyeniagiza. Saa tano niliwasha. Kaka alikuwepo. Mama alivuta kiti, lakini polepole.

Kipindi cha kwanza tuliongoza moja. Kaka aliongea kidogo. Cha pili kikaanza, nikampa mpira mzuri, wa kumwekea mguuni, na ukampita. Nikampa mwingine. Ukampita. Nikafungua mdomo, nimeshavuta pumzi ya kumfokea, na nikausikia. Chini ya sauti yake, polepole kwanza, ule mlio. Kitambaa kilikuwa kimerudi.

Niliufunga mdomo.

"Kaka yako ana nini leo?" Mama aliuliza nyuma yangu. "Mbona iko polepole?"

"Ni koneksyo, Mama," nilisema, mimi, ambaye nimewatukana watu wanaosingizia mtandao. "Leo koneksyo ni mbaya."

Wakatufunga la kwanza. La pili. Nilingoja kaka anyamaze kama kawaida yake.

"Mama," kaka alisema, mpira ukiwa miguuni mwake na watu wawili wanamjia. "Ile kitambaa, pembe ya nyuma, kule moto inatokea, uzi umeanza kufumuka. Mi nifanye nini?"

Sindano ilisimama. Kwenye skrini walimnyang'anya kaka mpira, wakakimbia nao, wakafunga la tatu.

"Usiiguse," Mama alisema. "Utaniletea. Nitaitengeneza mi mwenyewe."

"Sawa, Mama."

Halafu akaanza kumsimulia kuhusu yule mzee wa Kihindi, ambaye kumbe alikuwa ameanguka kwenye ngazi wiki mbili zilizopita na kaka ndiye aliyekuwa anampelekea chakula. Aliongea mpaka filimbi. Tulifungwa sita.